Koa Mwekundu wa Bahari: Jina Lake na Makao Yake

Kiswahili cha pwani kina utajiri wa majina ya viumbe vya baharini, lakini utajiri huo una mipaka yake, nao hufuata njia ya faida na ya hatari. Mnyama aliwaye, au auzwaye, au achomaye, ana jina lake. Asiyeliwa wala kuuzwa wala kuchoma huachwa bila jina, au hutiwa katika jina la jirani yake. Pweza, ngisi na mkizi ni wa jamaa moja, na mvuvi huwatenga kwa majina matatu pasipo kufikiri. Chaza hachanganywi na kombe, wala kauri na simbi. Hata jongoo wa pwani, ambaye wenyeji wengi hawamli, ana jina lake imara, kwa sababu tangu zamani wako wafanya biashara wamnunuao, wakamkausha na kumpeleka Uchina. Lakini yuko mnyama mmoja ambaye kila mwanamke aendaye mwambani kuchokoa pweza amepata kumwona, naye akiulizwa jina lake hunyamaza, au husema, "Ni mdudu tu wa pwani." Huyo ndiye koa wa bahari, ambaye twataka kueleza habari zake hapa, na hasa habari za mmoja wao aliye mkubwa na mwekundu kuliko wote.

Kwanza yatupasa kulithibitisha jina. Neno koa, na wingi wake makoa, ni neno la zamani. Maana yake ni konokono, na watu wengi hulitumia hasa kwa yule asiye na nyumba mgongoni, atambaaye bustanini wakati wa masika na kuacha njia ya ute nyuma yake. Twaona neno hili lafaa kuliko mengine, maana mnyama wetu ni ndugu yake wa baharini. Wako wasemao "konokono uchi", nasi hatupendi jina hilo, kwani lasimulia kile ambacho mnyama hana na kuacha kile alicho nacho. Wako pia wamwitao jongoo, na hilo ni kosa kabisa. Jongoo wa pwani ni jamaa ya kiti cha pweza. Mwili wake umejengwa kwa sehemu tano kama nyota, ijapokuwa kwa nje haonyeshi, wala hana kichwa chenye pembe. Koa ana kichwa, ana pembe mbili, na ana wayo mpana chini ya tumbo lake ambao kwa huo hutambaa, kama konokono wote wafanyavyo. Mkanganyo wa tatu ni ule wa minyoo bapa ya baharini, ambayo hupakwa rangi za kupendeza vilevile, hata mtu akadhani ameona koa. Lakini mnyoo bapa ni mwembamba kama jani, wala hana matamvua ya kupumulia mgongoni. Na hapo ndipo mtu aangalie kwanza.

Makoa hawa ni konokono kwa nasaba, wala si kwa kufanana tu. Koa akiwa mchanga sana, kabla hajaweza kuonekana kwa macho matupu, ana kigamba chake kidogo, huelea nacho akichukuliwa na mikondo ya maji. Kisha hushuka mahali panapomfaa, akakitupa kigamba kile, wala hakivai tena maisha yake yote. Aitupaye ngao hutafuta silaha nyingine, na makoa wengi wa jamii hii wameipata katika chakula chao. Wao hula sifongo, na sifongo nyingi zina sumu ndani yake. Koa haidhuriwi na sumu ile. Huila pamoja na chakula, akaiweka katika ngozi yake, hata samaki akimng'ata mara moja humtema, na mara ya pili hamsogelei. Ndiyo sababu makoa wengi hawakufichwa kwa rangi ya mchanga au ya jiwe, bali wamevikwa rangi kali, nyekundu na manjano na buluu, kana kwamba watangaza habari zao.

Basi tumwangalie huyu mwekundu. Wapiga mbizi wa Ulaya humwita mcheza ngoma wa Kihispania, kwa sababu ya namna aogeleavyo. Mchana hujificha katika nyufa za mwamba na chini ya matumbawe. Usiku hutoka kutafuta chakula. Mkubwa wake hufika urefu wa sentimeta 40, hata akiwekwa juu ya mkono wa mtu hufunika kutoka kiwiko hadi vidole. Ana joho la ngozi mgongoni, ambalo kingo zake amezikunja juu kama mtu aliyepandisha nguo ili kuvuka maji. Akitulia hivyo, huonekana kama donge la nyama lenye madoa. Lakini akiguswa, au akitaka kuhama, huzikunjua kingo zile ghafula, na rangi iliyokuwa imefichwa, nyekundu na nyeupe, hutokea yote pamoja. Kisha hujitupa majini, akapinda mwili mbele na nyuma, na joho likapunga kama kanga iliyoshikwa na upepo wa kusi. Makoa wa jamii hii wawezao kuogelea hivi ni wachache sana. Wengine wote ni watambazi.

Alama yake ya pili ni matamvua yake. Makoa wengine wa jamaa yake wana matamvua yaliyopangwa kama ua dogo nyuma ya mgongo, na yote hutokea katika tundu moja. Ukiyagusa hurudi ndani ya tundu lile, mgongo ukabaki laini kana kwamba hayakuwapo. Yeye siye hivyo. Matamvua yake, ambayo kwa kawaida ni sita, kila moja lina shina lake na mahali pake katika ngozi, wala hayana tundu moja la kuingilia. Hiyo ndiyo maana ya jina la ukoo wake, Hexabranchus, ambalo katika Kiyunani ni "mwenye matamvua sita". Mtu aliye ufukoni pasipo vyombo vyovyote aweza kuijaribu alama hii kwa ncha ya kidole. Yafaa kuliko rangi, kwa sababu tutakazozieleza.

Alama ya tatu ni mayai. Huyataga katika utepe mrefu wa ute, mwekundu, alioubandika juu ya mwamba kwa kuuzungusha duara ndani ya duara, hata utepe ukafanana na waridi lililofunguka. Watu wengi waliookota "ua la bahari" wakashangaa jinsi lilivyokauka na kuwa si kitu, walikuwa wameokota maelfu na maelfu ya makoa ambao hawajaanguliwa. Tena, juu ya mwili wa koa mkubwa mara nyingi aonekana kamba mdogo sana, mwekundu na mweupe kama mwenyeji wake, akitembea juu ya joho na katikati ya matamvua, naye husafiri pamoja na koa hata anapoogelea. Hatuijui lugha nyingine iliyo na mithali juu ya kamba huyu, lakini Kiswahili, chenye kupe na ng'ombe katika mithali zake, kingeweza kumpatia moja.

Sasa twaja kwenye jina lake la elimu, na hapa ndipo penye shida. Tangu siku za Linnaeus, aliyetoa kanuni ya majina ya wanyama mwaka 1758, kila aina ina majina mawili: la kwanza ni la ukoo, la pili ni la aina yenyewe. Baada yake huandikwa jina la mtu aliyelitoa jina lile na mwaka wake. Na kanuni kubwa ni kwamba jina la kwanza kutolewa ndilo lishikalo. Kanuni ni njema, ila yategemea jambo moja, kwamba watu wawili wakiandika habari za mnyama, ijulikane kama wameandika habari za mnyama mmoja au za wawili.

Mwaka 1804 mwanachuoni Cuvier wa Paris alimwandika koa mmoja, akamwita Doris lacera. Neno lacera katika Kilatini ni "iliyoraruka". Cuvier hakuwahi kufika katika bahari zetu. Wanyama wa mbali walimfikia wamekufa, wamewekwa katika chupa ya spiriti, nayo spiriti huinyang'anya ngozi ya koa rangi yake katika siku chache, tena huukunja mwili. Basi aliyemwona koa chupani aliona kingo zilizojikunja na kuchanika, akampa jina la mararu. Baada ya hapo Ehrenberg, aliyesafiri Bahari ya Shamu pamoja na rafiki yake Hemprich, ambaye alifariki huko Massawa mwaka 1825, alilitoa jina la ukoo, Hexabranchus, mwaka 1828. Na Rüppell wa Frankfurt, aliyekuwa msafiri wa Bahari ile ile, pamoja na mwenzake Leuckart, wakamwita koa wao sanguineus, yaani mwenye rangi ya damu. Jina hilo huandikwa kwa mwaka 1830. Tazama jinsi majina mawili haya yanavyosimulia mahali mwandishi alipokuwa. Mmoja aliona nguo iliyoraruka katika chupa, na wa pili, aliyezizuru nchi zile mwenyewe, akaona damu.

Baada yao majina yalimiminika. Kila meli iliyorudi Ulaya ilileta koa mkubwa wa pahali papya, naye akapewa jina jipya: huyu ana madoa, huyu hana, huyu ni wa manjano pembeni, huyu ni mweupe. Waliotoa majina hayo wengi walikuwa na mnyama mmoja mmoja tu mbele yao. Hawakujua kwamba koa mchanga wa aina hii hafanani kwa rangi na mkubwa wake, wala hawakuweza kujua, kwa kuwa hapana aliyekaa mahali pamoja miaka ya kutosha kumwangalia akikua.

Hapa habari zetu zafika pwani ya Afrika ya Mashariki, na zafika kwa njia ya mtu ambaye hapana angemtazamia. Mwanzoni mwa karne ya 20 Sir Charles Eliot alikuwa Kamishna wa Kiingereza katika nchi ambayo leo ni Kenya, hata alipojiuzulu mwaka 1904 kwa kutopatana na serikali yake juu ya kugawa ardhi. Watu wa bara wamkumbuka kwa jambo zito, maana yeye ndiye aliyesukuma mno mpango wa kuwaleta walowezi wa Kizungu katika nyanda za juu, na taabu iliyotokana na mpango ule yajulikana. Lakini mtu huyu alikuwa na mapenzi mawili yasiyohusu utawala: lugha na makoa. Alipokuwa kijana alitunga kitabu cha sarufi ya Kifini, kilichotoka mwaka 1890. Alipokuwa mzee aliandika juu ya dini za Kihindu na Kibuddha. Na kitabu cha Hollis juu ya Wamasai na lugha yao, cha mwaka 1905, kina utangulizi wa mkono wake. Na katika miaka hiyo hiyo ya kazi zake za serikali alikuwa akipasua makoa chini ya kioo cha kukuzia, na kupeleka habari zao London, katika mfululizo wa makala juu ya makoa wa Afrika ya Mashariki na Unguja, uliotoka tangu mwaka 1902. Alifariki mwaka 1931 melini, akirudi kwao kutoka Japani, akazikwa baharini.

Msaidizi wake mkubwa alikuwa Cyril Crossland, kijana aliyekusanya wanyama Unguja na pwani ya bara katika miaka ya 1901 na 1902, akiandika rangi zao wangali hai. Jambo hilo dogo, la kuandika rangi kabla ya kumtia mnyama katika spiriti, ndilo lililozifanya makala za Eliot zifae hata leo. Eliot naye alimlipa kwa heshima ya kimyakimya: ukoo mmoja wa makoa wakaao katika mwani ameuita Crosslandia.

Katika majina aliyoyatoa Eliot, mawili yatupendeza kwa sababu ya lugha. La kwanza ni Halgerda wasinensis, la mwaka 1904, yaani Halgerda wa Wasini. Wasini ni kisiwa kidogo mbele ya Shimoni, karibu na mpaka wa Kenya na Tanzania, kisiwa cha Wavumba, wenye Kivumba chao. Kilatini hutia -ensis mwishoni mwa jina la mji kuonyesha kwao, kama sisi tutiavyo M- mwanzoni tukisema Mpemba au Mvumba. Basi koa huyu, mwenye mwili wa rangi ya giza uliochorwa mistari ya manjano juu ya matuta yake, ni Mwasini kwa jina, na jina hilo litasomwa Tokyo na Chicago na watu wasiojua Wasini iko wapi. Lakini mtu asidanganyike na jina. Mahali palipomo katika jina ni mahali alipopatikana yule wa kwanza kuandikwa. Si mpaka wa makao yake. Mwasini huyu huonekana pia kusini, hata pwani ya Afrika Kusini.

La pili ni Chromodoris africana, la mwaka 1904 vilevile. Mnyama huyu ni funzo zuri kwa anayedhani rangi yatosha. Mgongo wake una milia myeusi mipana, na kati ya milia kuna mistari myeupe, na ukingo wote wa joho umezungushiwa rangi ya machungwa. Sasa, katika Bahari ya Shamu yuko ndugu yake ambaye Rüppell na Leuckart walikuwa wamekwisha kumwita quadricolor, "wa rangi nne". Huyo naye ana milia myeusi, naye ana ukingo wa machungwa. Ila mistari iliyo kati ya milia yake yaelekea buluu. Mtu akiwaona mbalimbali, mmoja leo na mmoja mwakani, atasema ni yule yule. Tena si hawa wawili tu. Mwanachuoni Rudman, aliyeandika juu ya makoa wa Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1973, alionyesha kwamba makoa wa aina mbalimbali wakaao katika bahari moja mara nyingi huvaa rangi za mfano mmoja, kama watu wa mtaa mmoja waliokata sare ya arusi. Faida yake ni dhahiri. Samaki aliyejifunza mara moja kuogopa milia na machungwa huwaacha wote. Lakini hasara ni ya mwanachuoni, maana sare ile aliyoitegemea imtambulishe mmoja yawachanganya kumi.

Basi wajuzi hutambuaje? Njia ya zamani ni kumfungua. Ndani ya kinywa cha koa mna ulimi uliopangwa meno madogo sana, safu juu ya safu kama tupa ya fundi, na umbo la meno hayo na hesabu yake hutofautiana aina kwa aina. Viungo vya uzazi pia huchunguzwa, maana koa mmoja ni mume na mke pamoja, na viungo vyake ni vya kutatanisha kweli. Njia ya pili ni mpya: kuzilinganisha chembe za urithi zilizomo mwilini. Njia zote mbili zina jambo moja la aibu kwa mtu wa ufukoni, kwamba hawezi kuzifanya. Lakini iko njia ya tatu, ambayo haihitaji kioo wala dawa, nayo ni kuuliza mnyama amepatikana wapi na alikuwa akila nini.

Koa hana uhuru wa kukaa popote. Wengi wao hula sifongo za aina moja au mbili tu. Mahali sifongo ile isipokuwapo, koa naye hayupo. Yule wa rangi nne wa Bahari ya Shamu hula sifongo nyekundu iitwayo Negombata magnifica, ambayo maji yake yakikamuliwa katika chombo chenye samaki, samaki hufa. Na sumu ya sifongo ile imepatikana katika mwili wa koa yule. Yeye na chakula chake wana rangi na sumu zinazojulikana pamoja, hata mwenye kuiona sifongo tayari ameanza kumtafuta koa. Vivyo hivyo koa wetu mwekundu mkubwa hula sifongo za ukoo wa Halichondria. Makao ya koa, basi, ni bahari fulani, na kina fulani, na upande fulani wa jiwe, na juu ya hayo yote, chakula fulani. Mwandishi aandikaye "Bahari ya Hindi" tu ameandika kama mtu aliyeulizwa anwani akajibu, "Duniani."

Na pasidhaniwe kwamba haya ni mabishano ya majina matupu. Mwaka 1986 wanavyuoni wa Hawaii na wa Japani, kila upande kwa kazi yake, walitoa katika tepe za mayai ya koa mwekundu sumu kali ambazo hazikuwa zimejulikana, na sumu hizo zikaanza kuchunguzwa kwa matumaini ya dawa. Mwaka 1988 ikaonyeshwa kwamba koa huzipata katika sifongo alayo, akazigeuza kidogo, akazihifadhi katika ngozi na hasa katika mayai, hata samaki hawayagusi yale mawaridi mekundu yaliyo wazi kabisa juu ya mwamba. Wote hao waliandika jina moja, Hexabranchus sanguineus, maana mwaka 1972 Thompson, baada ya kuwachunguza makoa hawa Australia, alikuwa ameyafuta majina mengi ya zamani na kuyatia yote katika hilo moja. Kwa miaka 50 ilisemwa kwamba kutoka Bahari ya Shamu hata Hawaii yuko koa mwekundu mmoja tu, mwenye mavazi mengi.

Mwaka 2023 wajuzi waliolinganisha viungo na chembe za urithi za makoa waliokusanywa bahari nyingi walionyesha kwamba si hivyo. Mmoja amekuwa kadhaa. Jina la Cuvier, lile la mararu, limefufuliwa baada ya miaka zaidi ya 200, na siku hizi huandikwa Hexabranchus lacer. Sanguineus amebaki na jina lake, lakini si mwenye bahari yote tena. Na Hawaii imepata wake peke yake, aureomarginatus, "mwenye ukingo wa dhahabu". Hapo swali la sumu larudi. Mayai yaliyochunguzwa Hawaii na yaliyochunguzwa Japani yalikuwa ya nani? Aliyehifadhi karatasi ya mahali na kina na sifongo aweza kujibu. Aliyehifadhi jina tu, jina lake limebomoka chini yake.

Sisi twaona hili ndilo jambo la kushikwa na wasomaji wetu wa pwani, walimu na wavuvi na wanafunzi, ambao wana kitu Cuvier hakuwa nacho hata siku moja, yaani mnyama aliye hai, mahali pake, na muda wa kurudi kumtazama tena. Wakati mwema wa kumtafuta ni bamvua, maji yanapopwa mbali na kuacha mwamba wazi. Na kwa koa mwekundu, bamvua lipwalo usiku, kwa taa. Mawe yafunuliwe taratibu na kurudishwa kama yalivyokuwa, maana upande wa chini ndio nyumba, na nyumba iliyopinduliwa juani hufa katika saa chache pamoja na wote waliomo. Koa asishikwe mkononi muda mrefu. Si kwa sababu ya sumu yake, ila kwa sababu joto la mkono na hewa humdhuru. Wala hapana haja ya kumwua. Picha nzuri iliyopigwa juu, na nyingine ubavuni iyaonyeshe matamvua, huwa na thamani kubwa kuliko chupa isiyo na maandiko.

Tena kuna haraka. Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe mengi kutoka Kenya hata Tanzania yakageuka meupe yakafa. Na joto la namna hiyo limerudi baadaye. Mwamba ukibadilika, sifongo zake hubadilika, na walao sifongo hawana budi kufuata. Makala za Eliot na Crossland zatuambia ni makoa gani waliokuwapo Unguja na Wasini na Mombasa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Hizo ni hesabu ambazo bahari nyingi za joto hazina. Ila hesabu ya kwanza haifai neno pasipo ya pili, na hiyo ya pili haiandikwi London.

Basi mtu wa Tanga, au wa Lamu, au wa Mkokotoni akikutana na koa mwekundu usiku wa bamvua, asiandike sanguineus, wala lacer. Na aandike hivi: koa mkubwa, mwekundu mwenye madoa, matamvua sita, kila moja na shina lake, alikuwa juu ya sifongo ya rangi fulani, ngumu au laini, katika maji ya pima moja, kamba mdogo alikuwapo, au hakuwapo, mayai yalikuwapo, au hayakuwapo, jina la fungu kama wavuvi wanavyoliita, tarehe, na saa, na hali ya maji.